Mbaraka Mwinshehe: Gitaa la Morogoro lililosikika mpaka mwisho wa reli

MPANDA ni mwisho wa reli. Njia ya gari moshi inayoanzia Dar es Salaam hupita Morogoro, Dodoma na Tabora, kisha hufika Kaliua na kugawanyika. Tawi moja huelekea Kigoma. Jingine hukata kusini, likapenya misitu ya miombo kwa zaidi ya kilomita 200, na kukomea Mpanda, mji ambao leo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi.

Tawi hilo lilijengwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, wachimbaji wakatawanyika, lakini reli ilibaki. Kwa miaka mingi ndiyo iliyoleta sukari, sabuni, barua, wageni na magazeti yaliyochelewa kwa siku kadhaa. Kitu kimoja tu hakikuhitaji kusubiri gari moshi, nacho ni muziki. Muziki ulifika Mpanda kwa njia ya anga, ndani ya redio, saa ile ile uliposikika Dar es Salaam.

Katika sauti zilizofika kwa njia hiyo, wapo wapenzi wengi wa zilipendwa ambao hadi leo hawaweki nyingine juu ya sauti ya Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Imepita zaidi ya miaka 45 tangu afariki dunia. Wengi wanaotikisa kichwa leo wanaposikia gitaa lake, iwe katika baa za Makanyagio na Kashaulili mjini Mpanda au katika daladala za Dar es Salaam, walizaliwa baada ya yeye kuzikwa. Hata hivyo wanayajua maneno ya nyimbo zake, na wanajua ni wapi magitaa yatashika usukani.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, akakulia Morogoro. Ni mwaka huo huo ambapo vijana wa mji huo waliunda bendi waliyoiita Morogoro Jazz. Hakuna aliyeweza kujua wakati huo kwamba mtoto mchanga na bendi changa vingekuja kukutana, na kwamba jina la mmoja lingeshindwa kutajwa bila la mwenzake.

Morogoro ya utoto wake ilikuwa mji mdogo uliolala chini ya milima ya Uluguru, ukizungukwa na mashamba ya mkonge. Reli ya Kati ilipita hapo, na barabara kuu pia. Watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi mashambani, wakaja na ngoma zao. Santuri za Kikuba nazo zilifika, zikachezwa kwenye gramafoni, vijana wakaiga midundo ya rumba na cha-cha bila kuelewa maneno ya Kihispania. Katika mchanganyiko huo ndipo muziki wa dansi wa Morogoro ulipozaliwa.

Mfalme wa kwanza wa muziki huo hakuwa Mbaraka. Alikuwa Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba, mtunzi aliyekuwa na kipaji cha kuyatia maneno ya Kiswahili katika midundo ya ng'ambo hadi yakaonekana kama yalizaliwa humo. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Mji ulibaki na majonzi, na jukwaa likabaki na nafasi wazi.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya katikati ya 1960 ambapo Mbaraka, kijana wa miaka ishirini na ushei, alijiunga na Morogoro Jazz. Kwa upande wa pili Juma Kilaza alishika usukani wa Cuban Marimba. Upinzani wa bendi hizo mbili uliugawa mji kama upinzani wa Simba na Yanga unavyoigawa nchi. Kila upande ulitunga nyimbo zenye mafumbo ya kumchokoza mwenzake, na kila upande ulikuwa na mashabiki wake ambao wasingekanyaga ukumbi wa wapinzani. Lakini ushindani huo ulikuwa shule. Hakuna aliyeweza kulala huku jirani akitoa wimbo mpya.

Mbaraka alikuwa na mambo matatu ambayo si rahisi kuyakuta kwa mtu mmoja. Alikuwa mtunzi, alikuwa mwimbaji, na alikuwa mpigaji wa gitaa la solo. Sauti yake haikuwa ya kelele. Ilikuwa ya mtu anayezungumza na jirani yake barazani, ikipanda taratibu pale jambo linapomgusa. Gitaa lake lilikuwa kama mwimbaji wa pili. Alipomaliza ubeti, vidole vilichukua pale maneno yalipokomea na kuendeleza malalamiko au furaha ile ile. Wapenzi wake walimpa jina la Soloist National, na halikuwa jina la mzaha. Lilimaanisha kwamba mpigaji huyo alikuwa mali ya taifa zima.

Zama hizo kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na jina la mtindo lilikuwa kama bendera. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, na Tabora Jazz, bendi iliyokuwa miongoni mwa zilizo jirani zaidi na watu wa Mpanda, walikuja na Segere Matata. Morogoro Jazz walicheza Sululu. Msikilizaji hakuhitaji kuambiwa na mtangazaji ni bendi gani inapiga. Alitambua kwa namna magitaa yalivyoitikiana, kwa mlio wa saksafoni, kwa jinsi tumba zilivyopigwa.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipewa heshima ambayo bendi chache za Afrika Mashariki zilikuwa zimeipata. Ilikwenda Osaka, Japan, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya dunia ya Expo 70. Vijana wa mji wa mkonge walijikuta wakipiga dansi mbele ya watu wa mataifa mengi, katika nchi ambayo wengi wa mashabiki wao waliifahamu kwa redio na betri zake tu. Safari hiyo ilimwongezea Mbaraka umaarufu, na ilimwonyesha pia ukubwa wa dunia ya muziki nje ya kumbi za nyumbani.

Ni vigumu kwa kijana wa leo kuelewa maana ya redio katika miaka hiyo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilianzisha yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini serikali ya Bara iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi maskini, na vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Mbaraka aliishi na kufa bila jirani zake wa Morogoro kumwona hata siku moja akiimba kwenye runinga ya nyumbani. Mtu aliyekaa mbali na kumbi alimjua kwa sauti peke yake, na sura yake aliitengeneza mwenyewe kichwani.

Kazi yote hiyo ilibebwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilikwenda studio za RTD, zikarekodi, na nyimbo zikarushwa katika vipindi ambavyo majina yake bado yanawatoa machozi waliovisikiliza. Mchana Mwema ilikuwa na salamu zake. Ugua Pole iliwafikia wagonjwa vitandani. Klabu Raha Leo Show iliwaingiza wasikilizaji ukumbini bila kiingilio. Katika wilaya kama Mpanda, ambayo wakati huo ilikuwa mbali na kila kitu, redio moja ilihudumia nyumba kadhaa. Betri zilipochoka zilianikwa juani zipate nguvu za kusikiliza wimbo mmoja zaidi. Hata mpaka wa utawala ulibadilika huku redio ikiendelea: mwaka 1974 Mpanda ilitolewa Tabora na kuingizwa katika mkoa mpya wa Rukwa, na mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi. Nyimbo zilikuwa zile zile.

Nyimbo za Mbaraka zilipendwa kwa sababu zilihusu maisha ambayo wasikilizaji waliyatambua. Aliimba mapenzi, lakini si mapenzi ya maua na mwezi. Aliimba ndoa yenye ugomvi, fedha inayovunja urafiki, majirani wenye maneno, mtu wa shamba anayedharauliwa mjini. "Jogoo la Shamba" ilitokana na methali ambayo kila Mswahili anaijua. "Mtaa wa Saba" na "Esta" zilikuwa midomoni mwa watu hadi katika vijiji ambavyo havijawahi kufikiwa na bendi.

Aliimba pia mambo ya nchi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wanamuziki walitarajiwa kuwa wahamasishaji wa siasa ya Ujamaa, na bendi nyingi zilitunga nyimbo za kusifu kilimo na kujitegemea. Nyingi zimesahaulika. Wimbo wa "Dr. Kleruu" haukusahaulika. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa na mtetezi mkali wa vijiji vya ujamaa, alipigwa risasi na kuuawa siku ya Krismasi mwaka 1971 na mkulima Said Mwamwindi. Kifo hicho kiliishtua nchi. Mbaraka aliugeuza mshtuko huo kuwa ombolezo, na kwa Watanzania wengi wa kizazi hicho habari ya Kleruu haikubaki katika vitabu vya historia bali katika gitaa lake.

Mwaka 1973 alifanya uamuzi uliowagawa mashabiki wake. Aliondoka Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Super Volcano, iliyokuja na mtindo wa Masika. Ili kuuelewa uzito wa uamuzi huo ni lazima kukumbuka hali ya bendi wakati ule. Nyingi zilikuwa mali ya vilabu, jumuiya, majeshi, viwanda au mashirika ya umma. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa au mwanachama. Akiondoka, aliacha gitaa, akaacha jina, akaacha hata nyimbo alizozitunga zikiendelea kupigwa na wengine. Kuanzisha bendi ya binafsi katika nchi iliyokuwa ikitaifisha mabenki na viwanda kulihitaji ujasiri wa aina yake.

Super Volcano ilifaulu. Gitaa la Mbaraka likawa na nafasi pana zaidi, nyimbo zikarefuka, na sehemu ya mwisho ambapo maneno hunyamaza na magitaa huzungumza ikawa ndiyo inayosubiriwa na wachezaji. Katika kipindi hiki ndipo alipotoa "Shida", wimbo ambao kwa wengi ndio muhtasari wa maisha yake yote. Unazungumzia mateso yasiyochagua mtu. Masikini aliusikia akadhani umetungwa kwa ajili yake, na tajiri aliyefiwa au kuachwa naye alidhani hivyo hivyo. Ulivuma Tanzania, ukavuma Kenya zaidi.

Kenya ndiyo iliyokuwa soko. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi ya Tanzania iliyotaka wimbo wake uuzwe madukani ililazimika kutegemea kampuni za Nairobi. Malipo ya redio nyumbani yalikuwa madogo, na kanda zilibaki maktaba ya RTD. Hivyo mwanamuziki wa Tanzania alijikuta katika hali ya ajabu. Taifa zima lilimwimba, lakini riziki yake ilikuwa ng'ambo ya mpaka.

Mpaka huo ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Ndugu walitenganishwa, wafanyabiashara walifilisika, mizigo ilikwama. Wanamuziki nao walikatiwa njia ya soko lao. Hata hivyo kiu ya Wakenya kwa muziki wa Mbaraka haikupungua, na mwisho wa mwaka 1978 na mwanzo wa 1979 alikuwa huko pamoja na Super Volcano.

Nyumbani nchi ilikuwa vitani. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na redio ilijaa taarifa za mapambano na nyimbo za kuwatia moyo wapiganaji. Katikati ya taarifa hizo, Januari 1979, ikaja nyingine ambayo haikuhusu vita. Mbaraka Mwinshehe alikuwa amefariki kutokana na ajali ya gari mjini Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Kwa watu wa Morogoro ilikuwa kama kidonda cha zamani kimetoneshwa. Miaka 14 kabla ya hapo ajali ya gari ilikuwa imemchukua Salum Abdallah. Sasa barabara imemchukua na wa pili. Mji mmoja, vipaji viwili, kifo cha aina moja.

Super Volcano haikuweza kusimama kama zamani bila aliyeibeba. Bendi iliyojengwa juu ya sauti moja na vidole vya mtu mmoja huzikwa naye, hata kama vyombo vinabaki. Kilichosalia ni santuri na kanda. Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa Kenya katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho. Jina hilo lilifaa. Vinyozi, wauza kanda na wenye baa katika miji ya Afrika Mashariki waliishi kwa nyimbo hizo kwa miongo kadhaa, nyingi zikiwa nakala zilizorekodiwa kutoka nakala nyingine, hadi sauti ya Mbaraka ikaanza kusikika kana kwamba anaimba nyuma ya ukuta.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Katika kanda hizo zote zilizouzwa kwenye magenge na stendi za mabasi, ni vigumu kuamini kwamba hata senti ilikwenda kwa aliyetunga au kwa watoto wake. Sheria ya hakimiliki iliyokuwapo tangu mwaka 1966 haikuwa na meno. Sheria mpya ilikuja mwaka 1999, ikaanzisha Chama cha Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, miaka 20 baada ya Mbaraka kuzikwa. Sheria hiyo inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa nyimbo za Mbaraka unafikia ukingoni mwishoni mwa mwaka 2029. Nusu karne ya haki inakaribia kwisha, na sehemu kubwa ya nusu karne hiyo ilipita katika zama za kanda za wizi.

Yapo pia masuala ya hifadhi. Kanda zilizorekodiwa RTD zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Humo zimo kazi za bendi ambazo hazikuwahi kufika Nairobi kutengenezewa santuri, bendi za mikoani ambazo wapigaji wake wameshafariki. Utepe wa sumaku una maisha yake. Huchoka, hushikana, hupoteza sauti. Mbaraka ana bahati kwa sababu santuri zake zilisambaa na zikachapwa upya hata Ulaya. Wengine wa zama zake wapo katika nakala moja tu, na nakala hiyo ikiharibika watakuwa wamekufa mara ya pili.

Wapo wanaosema kupenda zilipendwa ni ugonjwa wa wazee wasiotaka kukubali kwamba dunia imebadilika. Labda kuna ukweli kidogo. Anayeusikia wimbo wa Mbaraka leo hukumbuka pia ujana wake, mavazi ya suruali pana, mchumba aliyeolewa na mwingine. Anasahau foleni za unga na sukari. Lakini kumbukumbu peke yake haiwezi kueleza kwa nini kijana aliyezaliwa Mpanda katika miaka ya 2000, ambaye hajawahi kuiona santuri, anaweka "Shida" kwenye simu yake na kuirudia. Huyo hana cha kukumbuka. Anachokisikia ni kazi iliyofanywa vizuri, na maneno yanayomhusu.

Siku hizi wimbo hauhitaji tena betri zilizoanikwa juani, na Mpanda hauko mbali kama zamani. Barabara za lami zimefika, simu zimefika, runinga zimejaa sebuleni. Reli nayo bado inakomea pale pale. Katika njia hiyo ndefu kutoka pwani kuna mji mmoja chini ya milima ya Uluguru ambako kijana mmoja alishika gitaa na kuwafikia watu wa mwisho wa reli bila kupanda gari moshi. Miaka 34 ya uhai wake ilitosha kwa kazi hiyo. Waliobaki bado wana deni la kuitunza na la kuwapa warithi wake kilicho haki yao, kabla kalenda haijalifuta.

Mungu aendelee kuilaza roho ya marehemu mahali pema peponi. Amina.